Maswali yenu: nani anapanga mtoto asome nini hapa Louisville, Kentucky?

Habari zenu jamani. Wiki hii maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja, mtaala, nani anaupanga, nani anamfuatilia mwalimu, na mzazi anaingilia wapi. Nimechagua sita. Najibu kwa distrikti ya shule za serikali za Jefferson County, kwa kifupi JCPS, maana ndiko wengi wetu tuliko na ndiko mimi nakaa kwenye vikao natafsiri kati ya wazazi na walimu. Ukiwa Texas au Ohio usizichukue sheria hizi kama zilivyo, kila jimbo lina zake.

"Mtoto wangu yuko gredi ya 3, kila nikimuuliza mmesoma nini ananiambia vyura, vyura, wiki ya tano sasa. Nilimuuliza mwalimu akasema ni distrikti, nikapiga simu ofisini wakasema ni jimbo. Nani mwenye hili jambo?"

Mama, wote wamesema kweli ila kila mmoja kakupa kipande chake. Sisi tumetoka kwenye nchi ambazo mtaala unatoka sehemu moja, Tanzania kuna Taasisi ya Elimu pale Dar, Kenya kuna KICD, hata waliosoma kambi ya Nyarugusu wanakumbuka walikuwa wako ardhi ya Tanzania lakini wanafuata programu ya Kongo, kutoka Kinshasa. Hapa hiyo sehemu moja haipo. Serikali ya Washington imekatazwa kabisa na sheria ya elimu ya 2015 kulazimisha shule zifuate mtaala fulani. Inatoa hela na inadai mitihani na haki za watoto, basi.

Anayefuata ni jimbo, Kentucky. Jimbo linaandika viwango, yani mtoto akimaliza gredi ya 3 awe anaweza kufanya nini, na kwa sheria ya 2017 viwango vya kila somo vinapitiwa upya kila miaka 6. Kiwango kitasema mtoto aweze kusoma makala, aeleze wazo kuu na aonyeshe linaungwa mkono na nini. Chura hayumo humo. Chura anakuja kwenye ngazi ya tatu, distrikti, ambayo inachagua vitabu na programu ya kufundishia ili kufikia hicho kiwango, halafu mwalimu anapewa ramani ya mwaka, sisi tuliofundisha nyumbani tungeiita azimio la kazi, mada hii wiki hizi, mada ile wiki zile.

Na kuhusu wiki tano za vyura, hilo limepangwa makusudi. Programu nyingi za kusoma za siku hizi zinamkalisha mtoto kwenye mada moja muda mrefu ili maneno yajirudie, asome hadithi ya chura, makala ya chura, aandike ripoti ya chura. Kwa mtoto ambaye Kiingereza bado anakitafuta mimi naona ni msaada mkubwa, maana neno akilikosa Jumatatu atalikuta tena Alhamisi. Muulize jioni akueleze kwa Kiswahili chura anapumuaje, utaona kama kaelewa au kakariri.

"Zamani shule mbili za mtaa mmoja zilikuwa na vitabu tofauti kabisa, sasa naona vinafanana. Kimebadilika nini?"

Sheria, kaka. Mwaka 1990 Kentucky ilifanya mageuzi makubwa ya elimu na kila shule ikapewa baraza lake, mwalimu mkuu, walimu 3 na wazazi 2, na hilo baraza ndilo lilikuwa linaamua mtaala wa shule yao. Kwa distrikti kama hii yenye watoto kama 95,000 na shule zaidi ya 150 unaweza kufikiria ilivyokuwa, mtoto akihama nyumba Oktoba, na watoto wetu wanahama sana maana kodi inapanda, anafika shule mpya anakuta kitabu kingine, herufi zinafundishwa kwa njia nyingine, anaanza upya.

Mwaka 2022 bunge la jimbo likapitisha sheria, gavana Beshear akaikataa kwa veto, bunge likaipitisha juu ya veto yake. Tangu hapo superintendenti, yani mkuu wa shule zote za distrikti, ndiye anayeamua mtaala na vitabu, ila sheria inamtaka kwanza ashauriane na bodi ya distrikti, mwalimu mkuu na baraza la shule, na watu wapewe muda wa kuangalia na kutoa maoni. Kuna wazazi waliumia kunyang'anywa sauti na nawaelewa. Mimi kwa mtoto anayehama hama nimeona faida yake kwa macho. Lakini kile kipindi cha maoni kinatuhusu na sisi, na nikikaa kwenye hivyo vikao sijaona Waswahili, hilo linaniuma kusema kweli.

"Nyumbani tulikuwa na wakaguzi. Hapa nani anajua kama mwalimu anafundisha kweli?"

Wapo, tofauti ni kwamba hawaji na gari mara moja kwa mwaka shule nzima ikapigwa deki usiku. Mwalimu mkuu na wasaidizi wake wanapita madarasani dakika kumi, kumi na tano, wanaandika walichokiona. Kuna kochi wa walimu, mtu ambaye kazi yake ni kukaa nyuma ya darasa halafu kumsaidia mwalimu mwenzake, huyo hana kazi ya kumshtaki mtu. Walimu wa gredi moja wanakutana kulinganisha kazi za watoto, darasa lako wameshindwa sehemu za namba, la kwangu wameweza, ulifanyaje? Na juu ya walimu wakuu kuna wasimamizi wa distrikti, wana shule zao za kufuatilia.

Halafu kuna namba. Jaribio la MAP linafanywa mara kadhaa kwa mwaka, kusoma na hesabu, linaonyesha mtoto kapanda kiasi gani tangu mara ya mwisho. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa jimbo, KSA, kusoma na hesabu kuanzia gredi ya 3 mpaka ya 8 na tena ya 10, sayansi na masomo mengine kwa gredi chache. Usiitupe karatasi ya MAP ikija nyumbani! Nimeona zinafungiwa vitumbua.

"Shule ya mwanangu imewekewa rangi nyekundu. Nimhamishe?"

Subiri kwanza. Jimbo linapanga shule kwa rangi tano, nyekundu ndiyo ya chini, halafu chungwa, njano, kijani, bluu juu. Rangi inachanganya matokeo ya mtihani, kama yamepanda au yameshuka, watoto wa lugha, yani wanaojifunza Kiingereza, wanavyosonga, na dodoso la watoto kuhusu usalama na hali ya shule, sekondari wanaongeza wanaohitimu. Shule inayopokea wageni wengi inaweza kuwa chini wakati mwalimu mmoja mmoja anafanya kazi nzuri mno. Omba mpango wa uboreshaji wa shule, kila shule Kentucky inatakiwa kuwa nao, uone wameandika watafanya nini na kwa watoto gani. Ukikuta watoto wanaojifunza Kiingereza hawajatajwa popote kwenye huo mpango, hapo nenda kaulize.

"Mwanangu anatolewa darasani kila siku kwenda kwenye Kiingereza cha wageni, na ni saa ya sayansi. Ana miaka 12, alikuwa anaipenda sayansi kule kambini. Nakaa kimya kwa sababu naogopa kuonekana mkorofi."

Dada, hapa usikae kimya. Sheria za shirikisho ziko wazi tangu kesi ya Lau mwaka 1974, ile ya watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wanakalishwa darasani bila kuelewa kitu na Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kumpa kila mtoto kitabu kilekile hakutoshi kama lugha haijui. Shule ina wajibu wa aina mbili kwa pamoja, imfundishe Kiingereza na imfikishe kwenye masomo mengine yote. Kimoja hakili kingine. Mtoto akikosa sayansi miaka miwili anaingia sekondari na shimo, halafu watu wanasema hawa watoto hawapendi kusoma.

Fanya hivi. Omba kuona karatasi inaitwa Program Services Plan, kila mtoto wa lugha Kentucky anayo, imeandikwa anapata huduma gani na masomoni anasaidiwaje, kama vile maneno magumu kutafsiriwa, muda zaidi, kusomewa maswali. Uliza muda wa Kiingereza unaweza kuhamishwa au mwalimu wa lugha aingie ndani ya darasa la sayansi akafanya kazi na mwenzake, shule nyingi zinafanya hivyo na mimi naiona ndiyo njia bora. Uliza na matokeo ya ACCESS, jaribio la kila mwaka la kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, maana ndilo linaloamua lini anatoka kwenye programu.

Una haki ya kuzikataa hizo huduma kabisa, lakini usikimbilie hapo, mtoto atabaki peke yake na ACCESS bado atafanya. Na mkalimani ni bure, shule ndiyo inamtafuta. Usikubali mwanao ndiye atafsiri kikao kinachomhusu yeye, nimekikuta kikao cha hivyo, jina la shule silitaji, mtoto wa miaka 13 anamwambia mama yake "wanasema niko sawa tu" na karatasi mezani inasema kingine.

"Mimi sina uraia bado. Naweza kuingia kwenye hilo baraza la shule?"

Bodi ya distrikti ina wajumbe 7 na wanachaguliwa kwenye uchaguzi wa kawaida, kwa hiyo kupiga kura kule ni raia. Baraza la shule ni jambo lingine, sheria yake inaongelea mzazi au mlezi mwenye mtoto pale shuleni, haiongelei uraia, wazazi wa ile shule ndio wanakuchagua. Usiwe mfanyakazi wa shule wala ndugu wa karibu wa mfanyakazi wake, na utapimwa rekodi ya polisi. Tena shule yenye asilimia 8 au zaidi ya watoto wa jamii za wachache inatakiwa kuwa na mjumbe anayetoka kwenye jamii hizo. Nguvu ya kuamua vitabu imepungua tangu 2022, ila baraza bado linashauri na bado linaona mipango kabla wengine hawajaiona. Uliza ofisini uchaguzi wa wazazi ni lini, mara nyingi ni kabla mwaka wa shule haujaisha, na unarudiwa kila mwaka.