Shafti ya nyuma yakatika kila mara, nifanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Likoni, nina Hilux fowili yabeba mawe kutoka ndani ndani huko Kinango. Nimetia matairi ya inchi 33 na difu loki, ile yafunga tairi la kushoto na la kulia yazunguke pamoja, na tangu hapo nishakatikiwa shafti mbili za nyuma, vile vyuma vyazungusha matairi, zote upande wa kulia. Mmoja aniambia nichomelee, mwengine asema ninunue za kromoli, chuma kilichochanganywa kiwe kigumu zaidi. Nifuate lipi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kuchomelea sahau kabisa! Shafti imetiwa ugumu kwa moto kiwandani, ukiipiga weldingi chuma pale pembeni chalegea ama chavunjika kama kigae, na kwa Hilux shafti hiyo hiyo ndiyo yabeba uzito wa gari, ikikatika washuka mlima tairi laweza kuchomoka na wewe umejaza mawe. Land Cruiser 79 ni tofauti, uzito wabebwa na ganda la ekseli, lile bomba la chuma lililofunika shafti, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu.

Kabla hujatoa pesa chukua kipande kilichokatika ukitazame. Meno ya ncha ya shafti, yale yaingia kwenye difu, yakiwa yamejisokota kama kamba, basi ni gia ya lo, ile nzito ya fowili, loki imefungwa, tairi limebanwa na jiwe na mguu mzito kwa mafuta. Lakini ikiwa imekatika karibu na beringi na uso wake una mistari mistari kama ile maji yakipwa yaacha mchangani, hicho chuma kimechoka kidogo kidogo, mzigo umezidi ama ganda limepinda. Wewe zote mbili ni kulia, mimi nashuku ganda. Lipimwe kwanza kabla ya shafti ya tatu. Ukitaka kuliongezea chuma mgongoni, fundi achome vipande vifupi, huku kidogo na kule kidogo, aache lipoe, manake akiharakisha ule moto wenyewe walipinda tena.

Kromoli, ile aina ya 4340, ni nzuri kweli. Unene nao wasaidia sana, shafti ya milimita 30 ukiifanya 33 nguvu ya kuhimili kusokotwa yapanda kama asilimia 33, ila lazima na gia za difu zikubaliane na meno yake. Na ujue shafti ikikataa kukatika, pigo lahamia kwenye krauni na pinioni, zile gia kuu ndani ya difu, na hapo bei si mchezo. Mimi ningerudi matairi ya 31, nipunguze mawe, na loki nifungue mara tu nikitoka pabaya.

Ganda likishapimwa niandikie limetoka vipi.