Ruli au triga kwenye PostgreSQL? Maswali yenu ya wiki hii

Mwalimu, natunza kanzidata ya SACCOS yetu kwenye PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data. Niliweka ruli ili kila malipo yakiingia, nakala ibaki kwenye jedwali la kumbukumbu. Mbona namba za malipo hazilingani?

Swali hili limenigusa, kwani nami liliwahi kunilaza macho. Ruli haingoji rekodi iingie. Inaidaka amri yako kabla ya kutekelezwa na kuiandika upya. Ukitumia DO ALSO, inazaa amri ya pili. Wewe ulipoandika NEW.id ulidhani unachukua namba iliyokwisha kuandikwa. Kumbe hapo PostgreSQL inapachika kile kile kinachozalisha namba, yaani nextval, nayo inaitwa mara mbili. Malipo yanapewa 41, kumbukumbu inapewa 42, malipo yanayofuata 43. Ukitumia random(), inayotoa namba ya nasibu, yatakukuta hayo hayo. now(), inayotoa tarehe na saa, inasalimika, kwa kuwa haibadiliki ndani ya muamala mmoja, na ndiyo maana watu wengi hujaribu ruli zao kwa tarehe, wakaridhika, wakaja kuumia baadaye.

Ifute ruli hiyo. Weka triga, yaani fanksheni inayoamshwa data inapoguswa; iwe ya AFTER INSERT (baada ya rekodi kuingia), FOR EACH ROW (kwa kila rekodi). Humo NEW ni rekodi yenyewe, ikiwa na namba yake ya kweli.

Marejesho ya mwisho wa mwezi tunayapakia kwa COPY, na kumbukumbu inabaki tupu. Kwa nini?

COPY, amri ya kupakia data kwa mkupuo, haipiti kwenye ruli. Triga huamshwa nayo.

Nikifuta rekodi elfu kumi, triga inaitwa mara elfu kumi. Si afadhali ruli?

Hoja yako ina uzito: ruli huzaa amri moja tu, hata rekodi ziwe nyingi kiasi gani. Lakini tangu toleo la 10, lililotoka 2017, triga ya FOR EACH STATEMENT, inayoitwa mara moja tu kwa kila amri, inaweza kupokea rekodi zote zilizoguswa kama jedwali la muda. Andika REFERENCING OLD TABLE AS zilizofutwa, kisha ndani ya fanksheni uziingize zote kwenye kumbukumbu kwa INSERT moja. Unapata kasi, na hesabu zako zinabaki sahihi.

Nataka malipo yasifutwe kamwe. Ruli ya DO INSTEAD NOTHING, inayoipuuza amri, inatosha?

Tafadhali usiitumie. Karani atafuta, ataona DELETE 0, wala hakuna kosa litakalotokea. Ataondoka hajui kama amezuiwa au alikosea namba. Pesa za wanachama hazistahili ukimya wa namna hiyo. Anza kwa kumnyang'anya ruhusa kwa REVOKE DELETE. Kisha weka triga ya BEFORE DELETE inayopaza sauti kwa RAISE EXCEPTION, na nyingine ya BEFORE TRUNCATE, maana TRUNCATE, amri ya kumwaga jedwali zima, haiamshi triga za DELETE.

Kwa hiyo ruli hazina kazi tena?

Unazitumia kila siku pasipo kujua: kila viu (ulizo lililohifadhiwa, linalosomwa kama jedwali) unayoitengeneza ni ruli ya ON SELECT, na jina lake ni _RETURN. Hiyo iache ilivyo. Zamani tuliandika ruli ili viu zikubali kuandikwa. Toleo la 9.1 la 2011 lilileta triga za INSTEAD OF, zinazofanya kazi badala ya amri yenyewe, kwa kazi hiyo, na tangu 9.3 ya 2013 viu nyepesi ya jedwali moja inakubali INSERT, UPDATE na DELETE bila kuandikiwa chochote. Ijaribu kwanza ilivyo kabla hujaandika fanksheni.