Usinunue Cherehani Kabla Hujamuuliza Mwenyewe

Msomaji mmoja ametuandikia kwamba mdogo wake alipooza miguu baada ya ajali ya bodaboda, na ndugu wameshachanga pesa za cherehani. Anauliza anunue ya aina gani. Ujumbe wake ni mrefu na una upendo mwingi, ila hakuna mahali panapoonyesha kijana mwenyewe anataka kushona. Jambo hili linatuuma. Mtu akishakalia kiti mwendo, watu humpangia ushonaji wa nguo, viatu au kuuza vocha, kana kwamba yale aliyoyapenda yamekwisha pamoja na miguu.

Muulizeni kwanza, kisha nyamazeni mumsikilize. Akitaja kazi mbili tatu, zivunjeni vipande vipande. Fundi simu hufungua skrubu, huchomelea waya, hupokea wateja, hufuata spea dukani. Kinachodai miguu hapo ni kimoja tu, tena spea huletwa na bodaboda. Kabla ya kulipa ada ya chuo, ombeni fundi ampokee kwa majaribio ya wiki mbili. Hapo mtajua anaweza kukaa saa ngapi, na kama fundi anampa kazi ya kweli au anamweka mlangoni alinde viatu.

Akiichagua cherehani kwa hiari yake, msinunue ya kukanyaga. Ya kuzungusha kwa mkono inafaa kuanzia, lakini mkono mmoja ukizungusha, unabaki mmoja tu wa kuongoza kitambaa, na mshono mrefu hupinda. Bora mashine ya mota. Kile kikanyagio chake kiwekwe juu ya meza akibonyeze kwa kiwiko. Stendi ya kawaida ya chuma haifai, kwa kuwa kanyagio na vyuma vya chini huzuia kiti mwendo kuingia. Chongesheni meza: pimeni kutoka sakafuni hadi juu ya goti akiwa amekaa kwenye kiti chake, ongezeni sentimita 5, na hapo ndipo uanzie upande wa chini wa ubao. Ubao ukatwe tundu mashine izame, kitambaa kiteleze usawa wa meza.

Vidonda vya kukaa vinaweza kumwondoa kazini hata mwenye ujuzi. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu ya makalio, kwa hiyo kidonda humkuta anafanya kazi. Kila nusu saa ainame mbele au aegemee upande kwa dakika 2 hivi. Kujiinua mara moja na kushuka hakutoshi. Akiwa amekaa, pitisheni kiganja chini ya mto wa kiti: mkiusikia mfupa, sponji imekwisha. Jioni aikague ngozi kwa kioo. Wekundu usiotoka baada ya nusu saa maana yake asiikalie sehemu hiyo mpaka utoke.

Choo nacho kisisahauliwe. Mahali ambapo kiti hakiingii chooni, mtu huacha kunywa maji asubuhi, kisha anaugua njia ya mkojo na kukosa kazi. Mlango ufunguke kwa nje, na upana usipungue sentimita 80. Kwenye ngazi, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Mafundi wengi hujenga wa nusu ya hapo, na kiti hupinduka kinyumenyume.

Pigeni hesabu ya nauli mapema. Bajaji ya shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, siku 26, ni shilingi 156,000 kwa mwezi. Wakati mwingine kibanda karibu na nyumbani kinalipa kuliko fremu mjini.

Kuhusu mtaji, hapa Tanzania mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Na akitaka kuajiriwa, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu wanaokidhi sifa. Katika barua ya maombi aeleze ujuzi wake kwanza, halafu aorodheshe mahitaji yake kwa vipimo: kimo cha meza, upana wa mlango, ngazi inayohitaji mteremko. Mwajiri akiona vipimo anajua gharama, na haachwi abuni hofu zake.