Kamera juu ya ulingo: ifunge mara mbili

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kutundika kamera juu ya ulingo wa ngumi. Kabla ya picha, fikiria vichwa vya walio chini. Kamera iwe na waya wake wa chuma wa akiba, lenzi nayo wake, zote zizungushwe kwenye chuma cha paa chenyewe. Klampu, yaani kibano kinachoishika kamera, peke yake haitoshi, nakuomba sana. Panda ukumbi ukiwa mtupu. Mtu asimame katikati ya ulingo, uweke fokasi kwa mkono, kisha ubandike selotepu isisogee. Zima mpangilio wa kamera kujizima, la sivyo ukibonyeza rimoti ukiwa chini, kamera haitapiga picha. Mpiga picha Neil Leifer alitundika kamera yake hivyo Houston, Marekani, mwaka 1966, ikamnasa bondia Cleveland Williams chali, mpinzani wake Muhammad Ali akielekea kona.