Kidonge cha tezi kinataka kumezwa peke yake

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Mtwara na Lindi wenye maradhi ya tezi ya shingo, ile tezi yenye umbo la kipepeo iliyo chini kidogo ya koromeo, watuandikie maswali yao. Tulitarajia kuulizwa zaidi kuhusu rovu na upasuaji, lakini karibu barua zote zilihusu vidonge: vimezwe saa ngapi, pamoja na nini, na viachwe lini. Nimechagua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Dada mfamasia, ninaishi Tandahimba na nina umri wa miaka 29. Mwaka jana niligundulika kwamba tezi yangu imepungukiwa nguvu, nikaanzishiwa levothairoksini ya mikrogramu 100. Nilipata nafuu kubwa: usingizi wa mchana ulikwisha, choo kikawa cha kawaida na nywele zikaacha kukatika. Sasa nina ujauzito wa miezi minne. Uchovu umerudi, na kipimo cha TSH kimepanda mara mbili mfululizo, ingawa daktari ameniongezea dawa na sijaruka hata siku moja. Ili nisisahau, kila asubuhi ninaweka vidonge vyangu vyote kwenye kisosi, cha tezi na vile vya damu nilivyopewa kliniki, kisha ninavimeza kwa uji wa lishe. Je, dawa za siku hizi zimepunguzwa nguvu?

Jibu: Mdogo wangu, kabla ya kuishuku dawa tukitazame kwanza hicho kisosi, kwa sababu nadhani jibu limo humo. Levothairoksini ni homoni ileile ambayo tezi yako ingeitengeneza yenyewe kama ingekuwa nzima, na tabia yake moja ngumu ni kwamba haielewani na vitu vingi inavyokutana navyo tumboni. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya damu huishika, vikagandamana kiasi kwamba utumbo hauwezi kuifyonza, na sehemu kubwa ya dawa ikatoka na choo. Vidonge vya kalsiamu hufanya vivyo hivyo, na vilevile vidonge vya magnesiamu ambavyo wajawazito wengi huvitafuna kiungulia kinapowapanda. Uji wa lishe nao, ikiwa unga wake umesagwa pamoja na soya, huipunguza dawa inayofika kwenye damu, na hata kahawa na maziwa havikosi lawama. Kwa hiyo umekuwa ukimeza dozi kamili kwa uaminifu, lakini mwili wako umekuwa ukipokea makombo.

Ujauzito wenyewe pia umeongeza mahitaji. Mama anayetumia levothairoksini kwa kawaida huhitaji nyongeza ya asilimia 25 hadi 30 tangu wiki za mwanzo, kwa sababu katika miezi ya kwanza mtoto hana tezi inayofanya kazi na ubongo wake unakua kwa kutegemea homoni ya mama. Ndiyo maana tunawaomba kina mama wenye tatizo hili wafike hospitalini mara tu wanapojua wana ujauzito, bila kusubiri tumbo lionekane.

Fanya hivi. Ukiamka, kabla hujawasha jiko, meza kidonge cha tezi peke yake kwa maji matupu. Subiri nusu saa, na ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe chai au uji. Vidonge vya damu vihamishie kwenye chakula cha mchana au cha usiku, maana kati yake na kidonge cha tezi panapaswa kupita saa 4 au zaidi. Usiviache kabisa, kwani navyo unavihitaji.

Jambo ambalo sitaki ulipuuze ni hili: mweleze daktari wako habari za kisosi hicho. Yeye amekuongezea dozi akiamini kwamba dawa yote inaingia mwilini, na ukivitenganisha vidonge leo bila kumwambia, dozi iliyokuwa ndogo inaweza kugeuka kubwa mno, ukaanza kutetemeka na moyo kwenda mbio. Kipimo cha TSH ndicho kitakachoamua. TSH hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiita tezi ya shingo ifanye kazi; homoni ikipungua mwito unapazwa, na ndiyo sababu namba hupanda pale dawa isipotosha. Mwito huo haushuki kwa siku mbili tatu, kwa kuwa dawa hii huingia na kutoka mwilini taratibu, nusu yake ikichukua takriban siku 7 kuondoka. Mtu mwingine angepimwa baada ya wiki 6 hadi 8, lakini wewe, kwa kuwa ni mjamzito, unapaswa kupimwa kila baada ya wiki 4 hivi mpaka katikati ya ujauzito. Ukishajifungua, dozi kwa kawaida hurudishwa ilikokuwa, na kunyonyesha hakuna kizuizi.

Na kuhusu nguvu ya dawa, swali lako si la kubeza, ila mara nyingi nguvu hiyo huwa tumeipoteza wenyewe nyumbani. Siku moja mama mmoja aliniletea vidonge vyake vya tezi katika kopo lililokuwa la mafuta ya mgando, ambalo alikuwa akiliweka juu ya kabati la jikoni. Alikuwa amevitoa vyote kwenye pakiti zake ili visichukue nafasi. Nilipokishika kimoja, ukingo wake ulimomonyoka kidoleni kama chokaa yenye maji. Hewa yetu ya pwani ina joto na unyevunyevu, na levothairoksini haistahimili joto, unyevu wala mwanga. Iache ndani ya pakiti yake, kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vingine, mbali na jiko, na mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni.

Swali: Mjukuu wangu mfamasia, mimi ni mkazi wa Kilwa Kivinje. Nilipasuliwa rovu miaka mitatu iliyopita na tezi yote ikatolewa. Ninameza levothairoksini kila asubuhi na, kwa sababu ya upasuaji, ninatumia pia vidonge vya kalsiamu. Ramadhani iliyopita niliviacha vyote mwezi mzima ili funga yangu isiharibike, na siku za Sikukuu nilishindwa hata kunyanyuka. Mwaka huu nifanye nini?

Jibu: Shikamoo, bibi. Pole kwa Sikukuu iliyokupita ukiwa kitandani. Mtu aliyetolewa tezi yote hana akiba nyingine ya homoni isipokuwa kidonge, na mwezi mmoja bila dawa unatosha kuimaliza karibu yote iliyobaki mwilini. Kusahau siku moja si jambo la kutisha, kwa kuwa dawa ya jana na ya juzi bado ipo kwenye damu, lakini siku 29 au 30 ni habari nyingine kabisa. Kuiacha kalsiamu ghafla nako kuna hatari yake: ganzi kuzunguka midomo, vidole kukakamaa, na wakati mwingine degedege. Hilo lisirudiwe.

Habari njema ni kwamba kidonge cha tezi humezwa mara moja tu kwa siku, na usiku wa Ramadhani una nafasi ya kutosha. Vitabu vinataja njia mbili. Ya kwanza ni kukimeza wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya kula. Ya pili ni kukimeza unapoamka kwa ajili ya daku, kisha kusubiri nusu saa au zaidi kabla ya kula. Kwa desturi zetu za huku ninaipendelea ya pili, kwa sababu ninawajua wenzangu wa pwani: baada ya futari kuna tarawehe, baada ya tarawehe kuna vitumbua na kahawa barazani, na hizo saa 3 za tumbo tupu hazipatikani. Mwombe mjukuu mmoja akuamshe mapema kidogo kuliko wengine, umeze kidonge kwa maji, halafu ukae kitako mpaka chakula kiwe tayari. Vidonge vya kalsiamu vinywe pamoja na futari na visikaribie kabisa kile cha daku. Ikiwa ulipangiwa kuvimeza zaidi ya mara moja kwa siku, mwone daktari katika mwezi wa Shaabani akupangie upya. Dozi ya levothairoksini yenyewe haibadilishwi kwa ajili ya funga.

Swali: Mimi ni mwalimu, Nachingwea. Nimesikia kwamba rovu huletwa na ukosefu wa madini joto. Nikianza kula chumvi yenye madini joto kwa wingi, na kuongeza unga wa mwani unaouzwa siku hizi, je, ninaweza kuacha dawa?

Jibu: Hapana, mwalimu. Chumvi yenye madini joto ni kinga, na sheria imetaka chumvi ya kula nchini itiwe madini hayo tangu miaka ya 1990. Ukinunua ya magunia kutoka mashamba ya chumvi ya pwani, uliza kwanza kama imetiwa. Lakini tezi ambayo tayari imeharibiwa na kinga ya mwili, au imetolewa, haifufuliwi kwa chumvi, hata ule kijiko kizima, na shinikizo la damu halitakusamehe. Mwani ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu una madini joto mengi mno na kiasi chake hubadilika kutoka pakiti hadi pakiti, na madini yakizidi huweza kuivuruga tezi mgonjwa, ama ikazorota zaidi ama ikafanya kazi kupita kiasi. Muhogo mchungu usiolowekwa ipasavyo nao huizuia tezi kutumia madini joto, kwa hiyo loweka na kausha kama walivyotufundisha bibi zetu. Dawa endelea nayo.

Swali: Dada, mimi ni dereva wa bodaboda Masasi, umri miaka 27. Miezi miwili iliyopita nilikuwa nimekonda, mikono inatetemeka hata usukani siushiki vizuri, moyo unadunda usiku kucha na macho yametokeza. Nyumbani walisema nimechezewa. Hospitali wakasema tezi inafanya kazi kupita kiasi, wakanipa kabimazoli na propranololi. Sasa nimenenepa, nalala vizuri, najiona nimepona. Je, naweza kuacha? Halafu tangu juzi koo linaniuma sana na nina homa, nimenunua dawa ya maumivu.

Jibu: Kijana huyu sikusubiri nimjibu kwa gazeti. Sentensi yake ya mwisho, aliyoiandika kama kitu kidogo, ndiyo niliyoishika kwanza, nikampigia simu siku ileile barua ilipofika. Kabimazoli ni dawa nzuri, lakini kwa watu wachache, hata mmoja kati ya mia hawafiki, huzishusha ghafla chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, na mara nyingi hilo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Dalili zake ni homa, koo kuuma na vidonda mdomoni. Anayeziona akiwa anatumia dawa hii asiimeze tena, wala asijitibu dukani, aende hospitalini siku hiyohiyo apimwe picha kamili ya damu, saa yoyote iwayo, na aseme waziwazi mlangoni, “Ninatumia kabimazoli.” Yeye alikwenda. Chembe nyeupe zilikuwa za kutosha, koo lilikuwa na uvimbe wa kawaida, na daktari akamruhusu kuendelea na vidonge vyake.

Sasa swali lake la kwanza. Tezi huwa imeweka ghala la homoni, na kabimazoli huzuia utengenezaji wa mpya bila kuligusa ghala hilo, ndiyo maana nafuu huchukua wiki 4 hadi 8. Propranololi ndiyo iliyomtuliza mapema, kwa kupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, lakini haitibu tezi yenyewe, na tafadhali asimgawie rafiki mwenye pumu, kwa sababu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Kunenepa kwake ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, ilhali ugonjwa, ambao ni kinga ya mwili kuichochea tezi isipumzike, bado upo. Akiacha sasa, kutetemeka kutarudi, na safari hii huenda kukamkuta akiwa na abiria barabarani.

Matibabu ya namna hii kwa kawaida huchukua miezi 12 hadi 18, dozi ikipunguzwa hatua kwa hatua kadiri vipimo vinavyoonyesha. Hata baada ya hapo, takriban nusu ya wagonjwa huona ugonjwa umerudi, na hao huzungumza na daktari kuhusu upasuaji au madini joto yenye mionzi, ambayo mara nyingi humlazimu mtu wa kusini kusafiri hadi Dar es Salaam. Wanawake wanaotumia kabimazoli wamweleze daktari mapema wakitaka mtoto, kwa kuwa katika miezi 3 ya kwanza ya ujauzito hubadilishiwa dawa nyingine.

Kuhusu macho nilimuuliza kama anavuta sigara. Akanyamaza kidogo, akasema ni mbili tatu tu akiwa kijiweni. Sigara huzidisha maradhi ya macho ya tezi kuliko kitu kingine chochote kilicho mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, nikamwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Kipimo chake kijacho cha damu ni baada ya wiki nne, na ameniahidi kwamba nitakapompigia siku hiyo atanipa namba mbili: ya TSH, na ya sigara alizovuta wiki hiyo.