Baba Karudi Kutoka Vitani, Msimharakishe Mtoto

Mume wangu alipoondoka kwenda vitani, mwanetu mdogo alikuwa bado ananyonya. Aliporudi, mtoto alishajua kusema "sitaki", na ndivyo alivyompokea baba yake.

Ndugu wakaanza: "Nenda kamkumbatie baba!" Jamani, msimsukume. Kwa mtoto wa umri ule, aliyeingia ni mgeni, hata kama picha yake aliibusu kila usiku. Kilichotusaidia ni baba kukaa sakafuni, akawa anapanga vipande vya mbao bila kumwita. Mtoto akazunguka, akachungulia, mwishowe akanyakua kipande kimoja akakimbia nacho. Baba akaendelea kupanga. Mtoto akarudi kuchukua kingine. Wakaanza kuzoeana hivyo, kidogo kidogo.

Binti yetu mkubwa alikuwa na hasira. Ananuna, na ruhusa zote anakuja kuomba kwangu. Namwelewa: nyumba ilishazoea mzazi mmoja, halafu anatokea wa pili kutoa amri. Tukakubaliana kwamba mambo ya kukanya na kuadhibu nibaki nayo mimi kwa muda, baba awe anamsindikiza shule tu. Mkitembea bega kwa bega hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na maneno hutoka yenyewe. Huko njiani ndiko alikouliza, "Baba, uliua mtu?" Akamjibu, "Vita ina mambo mabaya sana. Mengine nitakueleza ukikua." Hakumdanganya, wala hakumtwisha mzigo usio wake.

Suala la usingizi mlichukulie kwa uzito. Aliyetoka vitani anaweza kushtuka vibaya akiguswa amelala, kwa hiyo watoto wafundishwe kumwita kutoka mlangoni, wasimrukie kitandani. Na waambiwe waziwazi kwamba baba akifoka kwa sababu mlango umebamizwa, si kosa lao. Watoto hujilaumu upesi mno.

Jinamizi, kushtukashtuka, kukwepa watu: hali hii madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye orodha yao ya magonjwa mwaka 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam, na ina tiba. Ikipita mwezi haijatulia, nendeni kwa mtaalamu. Kumwambia ajikaze hakusaidii.

Mtoto naye akianza tena kukojoa kitandani, badilisheni shuka bila maneno mengi. Na kama baba ataitwa tena, amwambie yeye mwenyewe, mapema, kabla mizigo haijafungwa.