Mama Mkunga Ajibu: Kigoda, Sofa na Mgongo wa Miezi Minane

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mgongo. Wale wa "nile nini nipate mtoto mweupe" nimewaruka, na nitaendelea kuwaruka.

Shikamoo mama. Mimba yangu ni ya miezi minane. Nachambua dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi hadi adhuhuri. Nikikaa kiuno kinawaka moto. Nifanyeje? (Igoma)

Marahaba mwanangu. Kabla sijafika mwisho wa barua nilishajua umekalia nini: kigoda. Magoti yanagusa matiti, tumbo limebanwa katikati, na bado unainama kuufikia mfuko. Miezi hii mwili unatoa homoni ya kulegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia, na uzito wote umehamia mbele. Misuli ya kiuno ndiyo inayokuvuta usianguke. Ukiikunja hivyo kwa muda wa saa tano, itakudai.

Tafuta kiti cha plastiki, na dagaa wapandishwe mezani au kwenye chanja. Wakufuate wewe, usiwafuate chini. Kiti cha plastiki nacho kina ujanja wake: kinalala nyuma, makalio yanazama. Kunja kitenge mara nne ukikalie, nyonga ziwe juu ya magoti kidogo. Kitenge cha pili kiviringe kama ngata, ukitie pale mgongo unapoingia ndani. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Kila nusu saa inuka, hata ndoo haijajaa, tembea hadi kwenye mitumbwi urudi. Bosi akinuna, anune. Jioni mtu akukande kiuno kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kiuno, si tumbo.

Mama, naruhusiwa diklofenaki, ile dawa ya maumivu? Nina wiki 31. (Nyegezi)

Hapana. Hii nimeijibu mpaka nimechoka. Baada ya wiki 20 dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea; miezi ya mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa wa karibu na moyo wake. Muuza duka atakupa bila kukuangalia tumbo. Kliniki wakikupa parasetamoli, inywe kwa kipimo walichokwambia.

Mke wangu ana wiki 34. Akikaa kwenye sofa analalamika mgongo, kunyanyuka mpaka nimvute. Ni kweli au anadeka? (Buhongwa)

Baba, nikuulize: kile kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka na mikono, hapo sebuleni, anakikalia nani? Nimeingia nyumba nyingi za mji huu, kuanzia Mabatini kwenye mawe hadi Nyamhongolo, na kiti kizuri ni cha baba. Mjamzito yuko mkekani, au kazama kwenye sofa ambalo sponji yake ilishakufa. Mpe kiti. Hilo ndilo jibu langu, mengine ni nyongeza.

Na usimvute mikono. Ajisogeze ukingoni, avute miguu nyuma chini ya magoti, asukume kwa mapaja huku mikono ikiegemea kiti. Halafu, kwa kuwa umeshaandika, ndoo ya maji ya kupandisha mlima beba wewe.

Kwenda kliniki kwa bodaboda nikae upande? (Kisesa)

Panda daladala, ukae siti ya mbele mbele. Nyuma inarusha. Bodaboda kwa tumbo hilo sikushauri, upande wala kupanua.

Niko Ukerewe, wiki ya 33. Tangu jana mgongo unauma, unaachia, unauma tena, hata nikibadili mkao. Nisubiri kivuko cha kesho nije Mwanza? (Nansio)

Usisubiri kivuko. Barua yako sikuiweka kwenye foleni, nilikujibu saa ile ile, na hapa narudia kwa wengine. Maumivu ya kiti hupungua ukibadili mkao. Yanayokuja na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37 yanaweza kuwa uchungu wa mapema. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, na kadi mkononi. Vivyo hivyo ukiona damu au maji, ukipata homa, mkojo ukiunguza, miguu ikifa ganzi, au mtoto akipunguza kucheza.

Ni kweli nikikaa nimepandisha mguu juu ya mwingine kitovu kitamzonga mtoto? (Ilemela)

Si kweli. Ila ushushe huo mguu, unapinda nyonga.